Barua ya Wazi: Acheni Kutupiga Kalenda Kuhusu Vyumba vya Kujidunga Chini ya Uangalizi

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya Afya,
Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Mkuu wa Jeshi la Polisi,
na Mkuu wa Mamlaka ya Kudhibiti Dawa za Kulevya.

YAH: OMBI LA UPEMBUZI YAKINIFU WA VYUMBA VYA KUTUMIA DAWA ZA KULEVYA CHINI YA UANGALIZI

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia hadharani jambo ambalo nililianza faraghani. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kazi yangu ni kuwafuata watu wanaojidunga heroini huko huko walipo: kwenye magofu, chini ya madaraja, kwenye vyoo vya umma, popote pale polisi na majirani hawafiki upesi.

Niliandika barua kwenye ofisi husika, nikajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Nilipofuatilia, niliambiwa jamii haiko tayari. Baadaye nikaambiwa sheria hairuhusu, na baadaye tena kwamba fedha hakuna. Sababu zilibadilika kila nilipobisha hodi, jibu likabaki lilelile. Sasa naandika mbele ya wananchi, ili safari hii na jibu litolewe mbele yao.

Nieleze kwanza ninachokizungumzia, maana nusu ya ubishi hutoka kwa watu wanaodhani serikali inaombwa kugawa unga. Chumba cha aina hii hakiuzi dawa wala hakigawi. Mtu huja na kete yake ya dawa. Hupewa bomba jipya la sindano, maji safi, pamba na kamba ya kufungia mkono, akakaa mezani penye mwanga, akajidunga mwenyewe. Muuguzi hamdungi, anamwangalia. Akimaliza, bomba linaingia kwenye chombo cha taka hatarishi, naye anakwenda kukaa sehemu ya kupumzikia hadi ionekane kwamba anapumua vizuri. Hapo ndipo anapoweza kusafishwa kidonda, kupimwa VVU na homa ya ini, au kuzungumza na mtu kuhusu methadoni, dawa ya tiba anayopewa mtu badala ya heroini. Chumba cha kwanza kilichotambuliwa rasmi kilifunguliwa Bern, Uswisi, mwaka 1986. Leo vipo zaidi ya 100 duniani, vikiwemo vya Ujerumani, Uholanzi, Hispania, Denmark, Ufaransa, Ureno, Kanada na Australia.

Siwaombi mfungue chumba kesho asubuhi. Naomba upembuzi yakinifu wenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na ripoti itakayosomwa na kila raia. Hoja zangu ni hizi.

1. Anayekufa, mara nyingi hufa akiwa peke yake.

Heroini haimuui mtu kwa kishindo. Inamlaza, pumzi zinapungua, midomo na kucha zinabadilika rangi, kisha pumzi zinakatika. Ubongo hauvumilii kukosa hewa zaidi ya dakika chache. Katika dakika hizo daktari bingwa hana nafasi ya kufika. Anayehitajika ni mtu wa pili aliye macho, mwenye oksijeni na nalokisoni, dawa inayoing'oa heroini pale ilipojishikiza kwenye ubongo na kumrudishia mtu pumzi. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani limependekeza nalokisoni iwafikie hata wasio wahudumu wa afya, wakiwemo ndugu na rafiki wa watumiaji.

Ofisi moja ilinijibu kwamba basi tugawe nalokisoni, yatosha. Tugawe, tena kwa wingi. Lakini aliyezimika hawezi kujidunga nalokisoni mwenyewe, na aliyejificha chooni amefunga komeo kwa ndani. Tena nguvu ya nalokisoni huisha ndani ya dakika 30 hadi 90. Ikiwa dawa aliyojidunga bado ipo mwilini, anaweza kuzimika mara ya pili wakati waliomwokoa wameshaondoka wakishukuru Mungu. Kwa hiyo mtu anahitaji mahali pa kukaa, na mtu wa kukaa naye.

Kuna jambo jingine ambalo asiyefanya kazi hii hawezi kulijua. Ukimmiminia mtu nalokisoni nyingi kwa pupa, anaamka na arosto kali, yaani mateso ya kukosa dawa: anatapika, anatetemeka, anafoka, na akipata nguvu ya kusimama anakimbilia kete nyingine. Wahudumu wenye uzoefu huanza na oksijeni, kisha wakaongeza nalokisoni kidogo kidogo pale inapobidi. Utulivu huo haupatikani uchochoroni, usiku, kwa tochi ya simu.

Na hofu yenyewe inaua. Anayeogopa kukamatwa hujidunga harakaharaka. Hajaribu kidogo kwanza kuona ukali wa mzigo, hasafishi ngozi, anatumia maji yoyote aliyoyakuta, na ikibidi bomba la mwenzake. Majipu, VVU na homa ya ini aina ya C vinapita humo humo. Kwa sasa hatari imeongezeka kwa sababu kwenye baadhi ya masoko ya dawa za kulevya duniani heroini inachanganywa na fentanili, dawa ya maumivu ya kutengenezwa maabara, ambayo ukali wake ni takriban mara 50 ya heroini. Mtu aliyezoea kipimo chake kwa miaka anaweza kukosea mara moja tu.

Mjini Sydney, tangu chumba chao kilipofunguliwa mwezi Mei 2001, watu wamejidunga humo zaidi ya mara milioni moja. Waliozidisha dozi wamekuwa maelfu. Hakuna aliyefia ndani kwa kuzidisha dozi.

2. Sheria ni kikwazo cha kweli, lakini si ukuta.

Sitaki kulidharau hili. Philadelphia, Marekani, waliokuwa wakiandaa chumba walishindwa Januari 2021 pale mahakama ya rufaa iliposema kwamba kukiendesha kungevunja sheria ya shirikisho. Anayefungua chumba kabla ya kuweka sheria sawa anawaweka wauguzi wake hatarini, na watumiaji wake pia.

Ila nchi zilizotaka njia zimeipata, na hazikupita njia moja. Ujerumani ilibadilisha sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 2000 na kuweka masharti 10 ambayo chumba lazima kiyatimize kabla ya kupewa kibali. Miongoni mwake ni huduma ya dharura ya kitabibu, wahudumu wenye ujuzi, hatua za kuzuia uhalifu, makubaliano na vyombo vya usalama, na kuwakataa wanaoonekana dhahiri kuwa ndiyo mara yao ya kwanza. Msomeni mtunga sheria huyo, Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu. Ameshawafanyia nusu ya kazi.

Kanada walifika kwa njia ya mahakama. Serikali ilipotaka kukinyima kituo cha Vancouver msamaha wa kisheria, yaani ruhusa ya kuendesha huduma bila kushitakiwa, ambao kilikuwa nao tangu 2003, Mahakama ya Juu mwaka 2011 iliamua kwa kauli moja ya majaji wote tisa kwamba kuwanyima huduma hiyo kunakiuka haki ya watumiaji ya uhai na usalama wa mwili, na ikamwamuru waziri atoe msamaha huo. Nisingependa tufikishane huko. Kesi huchukua miaka, na wanaosubiri hukumu ni watu ambao hawana miaka ya kusubiri.

Uskoti ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu sheria haikubadilishwa hata nukta. Mji wa Glasgow uliomba mwaka 2017, mwanasheria mkuu wa huko akakataa. Mwaka 2023 ofisi ileile, ikiwa na mkuu mwingine, ilitamka kwamba kumshitaki mtu kwa kumiliki dawa ya matumizi yake ndani ya kituo hicho hakutakuwa na maslahi kwa umma. Tamko hilo ni jembamba: muuzaji bado ni mhalifu, na nje ya mlango sheria ni ileile. Lakini lilitosha, na kituo kilifunguliwa Januari 2025. Karatasi moja yenye sahihi ya mtu mwenye mamlaka. Karatasi ya namna hiyo iko ndani ya uwezo wa ofisi yako, Mheshimiwa.

Kuhusu mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya ambayo nasomewa kila ninapofika ofisini: ule wa mwaka 1961, pamoja na marekebisho yake, unazitaka nchi pia ziwatibu watumiaji, ziwarekebishe na kuwarudisha kwenye jamii. Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya, ambayo zamani ilivipinga vyumba hivi waziwazi, katika miaka ya karibuni imekuwa ikisisitiza kwamba viunganishwe na tiba. Nchi zilizotia sahihi mikataba hiyo ndizo hizo hizo zenye vyumba.

3. Mahali kitakapowekwa ndipo patakapoamua kila kitu.

Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2011 uliangalia vifo vya kuzidisha dozi Vancouver kabla na baada ya kituo kufunguliwa. Ndani ya mita 500 kutoka kituoni vifo vilipungua kwa asilimia 35. Sehemu nyingine za mji vilipungua kwa asilimia 9.3 tu. Wapenzi wa vyumba hivi hulisoma tokeo hili kwa furaha. Mimi nalisoma pia kama onyo. Mtu mwenye arosto hatembei kilomita tatu na kete mfukoni kwenda kutafuta kiti na taa. Anajidunga pale alipo. Chumba kikijengwa kwenye kiwanja cha serikali nje ya mji kwa sababu kiwanja kilikuwa cha bure, kitakaa kitupu, kisha ripoti itaandikwa kwamba wazo lenyewe halifai.

Na kikiwekwa pabaya upande wa pili, kitaangushwa na majirani. Melbourne, Australia, waliweka chumba chao cha kwanza, mwaka 2018, jirani kabisa na shule ya msingi. Kiliokoa watu, hata kikafanywa cha kudumu, lakini ugomvi wa wazazi haukuisha, na mwaka 2024 serikali ya jimbo iliachana na mpango wa kituo cha pili katikati ya mji. Ontario, Kanada, walitunga sheria iliyofunga vituo vilivyokuwa ndani ya mita 200 kutoka shule na vituo vya kulea watoto, na vikafungwa mwaka 2025. Naweza kubishana na sheria hiyo usiku kucha. Lakini mzazi anayelalamika kwamba mtoto wake anawakuta watu wamelala getini kwa shule ana hoja, na mpangaji wa mji angeitatua hoja hiyo kwenye ramani kabla haijafika kwa wanasiasa.

Kwa hiyo nauliza: ni nani kati yenu mwenye ramani? Nani ameandika mahali ambako watu wanajidunga hadharani, saa ngapi, wangapi, na gari la wagonjwa huitwa wapi mara kwa mara? Sisi tunaotembea huko tunapajua. Hakuna aliyetuuliza.

4. Polisi.

Hapa nitasema machache kwa sababu jambo lenyewe si gumu. Askari wakikaa mlangoni kukamata wanaoingia, chumba kimekufa siku ya kwanza. Wakiambiwa wasisogee kabisa, wauzaji wataweka kijiwe hapo nje, na jamii itakuwa na haki ya kukasirika. Kuna kati na kati: amri ya maandishi, inayojulikana na askari wa zamu na wahudumu, ikisema nani haguswi, wapi, na nani anakamatwa kama kawaida. Vituo vinavyodumu vina makubaliano ya namna hiyo.

5. Si wote wanaojidunga.

Miji mingi duniani imeona watumiaji wakihama kutoka sindano kwenda kuvuta moshi. Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya sindano peke yake vinajikuta vikiwaacha nje watu wale wale vilivyokusudiwa, na chumba cha watu wanaovuta moshi kinahitaji mfumo wa hewa ambao hauongezwi baadaye kwa gharama ndogo. Denmark wana vyumba vya aina zote mbili. Anayepembua aulize kwanza watu wanatumia nini na kwa njia gani, ndipo mchoraji wa majengo aitwe.

6. Chumba bila tiba nyuma yake ni kazi iliyokatwa katikati.

Hapa huenda nikawaudhi wenzangu. Kama fedha zilizopo zinatosha jambo moja tu, na foleni ya methadoni inawarudisha watu nyumbani, basi anzeni na methadoni. Si kila mji unahitaji chumba. Chumba kina maana pale ambapo watu wengi wanajidunga hadharani, kwenye eneo moja dogo, na tayari tiba na ugawaji wa mabomba safi upo lakini kuna kundi ambalo halijafikiwa. Kundi hilo lipo. Nawajua watu ambao hawajawahi kukanyaga kliniki kwa sababu mara ya mwisho walipokwenda walitukanwa mapokezi. Vancouver ilionekana kwamba wanaotumia kituo mara kwa mara ndio walioelekea zaidi kuingia kwenye huduma ya kuacha dawa, na sioni ajabu. Mtu huanza kumsikiliza yule aliyekaa naye kuhakikisha anapumua.

Waheshimiwa, najua mtakayosema, kwa sababu nimeshayasikia.

Mtasema tunahamasisha matumizi. Mimi sijakutana na mtu aliyeanza heroini kwa kuvutiwa na kiti cha plastiki na muuguzi mwenye daftari. Wanaokuja ni watu ambao wameshatumia kwa miaka na wangejidunga leo hata kama chumba hakipo. Watafiti wa Sydney na Vancouver walitafuta ongezeko la uhalifu kuzunguka vituo hivyo, hawakuliona.

Mtasema dini haziruhusu. Chumba cha Sydney kinaendeshwa na taasisi ya kanisa. Shirika la watawa wa Kikatoliki lililotaka kukiendesha awali lilijitoa baada ya Vatikani kulikataza, kanisa jingine likakipokea. Ina maana hata waumini wanaweza kutofautiana katika hili wakiwa na dhamiri safi, na serikali isijifiche nyuma ya madhabahu ambayo yenyewe haijakubaliana.

Mtasema ushahidi haujakamilika. Ni kweli kwamba tafiti nyingi ni za kufuatilia na kulinganisha. Huwezi kuwachagua watu kwa bahati nasibu, nani aokolewe na nani aachwe, kisha ukahesabu. Jaribio dogo lenye watathmini huru ndiyo njia ya kupata ushahidi mnaoutaka. Mnakataa jaribio kwa kuwa hakuna ushahidi, na ushahidi haupatikani kwa kuwa mmekataa jaribio.

Mtasema fedha. Nileteeni hesabu, na upande wa pili wa hesabu hiyo muandike gharama ya kumtibu VVU mtu mmoja maisha yake yote, safari za magari ya wagonjwa, vitanda vya majipu yaliyooza, na mahabusu zilizojaa watu walewale kila wiki.

Na mtasema jamii haiko tayari. Jamii ipi? Wenye maduka wanaofagia mabomba ya sindano kila asubuhi kabla ya kufungua milango hawajaulizwa. Wazazi waliozika hawajaulizwa. Waliokuwa tayari kunijibu kwa niaba yao walikuwa wamekaa ofisini.

Ninachoomba ni haya:

(a) Tume ndogo ya upembuzi yakinifu iundwe, yenye wataalamu wa afya, wanasheria, polisi, wakazi, na watumiaji wa dawa wenyewe wakiwa wajumbe kamili wenye sauti. Wasiitwe siku ya picha tu.

(b) Tume ianze na ramani na hesabu: wapi, wangapi, wanatumia nini, saa ngapi, na tiba iliyopo inawafikia wangapi. Kama hesabu itaonyesha kwamba chumba hakihitajiki mahali fulani, nitaikubali.

(c) Mwanasheria Mkuu atoe maoni ya maandishi: je, panahitajika sheria mpya, kanuni, au tamko la kutoshitaki?

(d) Mkuu wa Polisi atoe rasimu ya amri kwa askari wa eneo litakalopendekezwa.

(e) Hesabu ikionyesha haja, kifunguliwe kituo kimoja cha majaribio kwa muda uliowekwa kisheria, chenye watathmini wasioteuliwa na wanaokiendesha, na vigezo vya kukifunga vijulikane kabla hakijafunguliwa. Sydney walianza kwa majaribio ya miezi 18. Ufaransa, mwaka 2016, walijipa hadi miaka sita.

(f) Wakati hayo yakiendelea, nalokisoni iwekwe mikononi mwa wahudumu wote wa jamii, familia, na watumiaji. Hili halihitaji tume.

Naomba kujibiwa ndani ya siku 30 kama tume itaundwa au haitaundwa, na ripoti iwe hadharani miezi sita baada ya kuundwa kwake. Kama jibu ni hapana, liandikwe hapana, na kifungu cha sheria mnachokitegemea kitajwe, na jina la aliyeamua liwepo, ili tujue rufaa tuipeleke wapi.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii

Nakala: Kamati ya Bunge inayosimamia afya, Tume ya Haki za Binadamu, wakuu wa hospitali za rufaa, viongozi wa mitaa ambako kazi hii inafanyika.